Watoto mia, vitabu kumi: jinsi ya kuwafanya wapende kusoma bila kushika fimbo

Kulikuwa na dogo mmoja darasani kwangu, la tatu, tulikuwa tunamwita Babu maana alikuwa anatembea mikono nyuma kama mzee anayekagua shamba. Kila kipindi cha kusoma kikianza tu Babu anaomba ruhusa ya chooni. Mwanzo nikajua tumbo. Siku moja nikamkazia macho, kumbe anahesabu. Tulikuwa tunasoma kwa kupokezana, sentensi moja moja kuanzia dawati la mbele, sasa yeye anahesabu vichwa mpaka kumfikia, anahesabu sentensi kitabuni, anaipata ya kwake, anaisemasema kimoyomoyo, akikuta ina neno gumu basi mkono juu, "mwalimu naomba kwenda chooni". Hesabu anaijua vizuri tu, ila ile hadithi tuliyoisoma wiki nzima ukimuuliza ilikuwa inahusu nini hajui hata alikuwemo mbuzi au mtu.

Nikaanza kuwaangalia na wengine, nikakuta kina Babu ni wengi, wanatofautiana ujanja tu. Na kosa lilikuwa langu. Kwangu darasani kusoma ilikuwa ni kuitwa jina, kusimama, kutetemeka, kuchekwa, kukaa. Nani atapenda kitu kama hicho? Mtoto anasoma vizuri akiwa anataka kujua kitu kilichoandikwa pale. Kwa hiyo michezo yote nitakayoeleza hapa chini ina kitu kimoja tu ndani yake, maandishi yanaficha kitu ambacho mtoto anakitaka, na njia ya kukipata ni kusoma, basi. Mingine niliibuni mwenyewe kwa shida, mingine nimeiba kwa walimu wenzangu, na yote nimeifanyia kwenye darasa lililojaa, maana tangu elimu bila ada ianze 2016 wengi wetu tunajua hali ilivyo, watoto wanne dawati moja na wengine chini.

Hatua ya kwanza: toa kinachowatisha

Acha kumsimamisha mtoto mmoja asome mbele ya wote wakati unajua hajui. Najua tumezoea hivyo, na sisi tulifundishwa hivyo hivyo, lakini mtoto mmoja anasoma dakika mbili wengine tisini na tisa wanasubiri akosee wacheke. Badala yake wasome wawili wawili, mmoja anasoma mwenzake anafuatisha kwa kidole, halafu wanabadilishana. Kelele zitakuwepo, tena nyingi, mwalimu wa darasa la jirani atachungulia dirishani. Mwambie watoto wanasoma.

Fimbo iache ofisini kipindi hiki. Na kicheko nacho kitungie sheria: anayemcheka mwenzake ndio anakuwa msaidizi wake wiki nzima. Kwangu ilifanya kazi ndani ya siku tatu.

Hatua ya pili: jua kila mtoto yuko wapi

Usitumie mtihani wa muhula, utakudanganya. Chukua watoto kumi kwa siku, kaa nao chini ya mti, wengine wape kazi ya kuchora. Andika kwenye karatasi ya manila mistari mitano: wa kwanza silabi, wa pili maneno, wa tatu sentensi, wa nne aya fupi, wa tano kahadithi kenye maswali mawili. Dakika mbili kila mtoto zinatosha. Anapokwama ndipo alipo. Ukiwa na watoto mia umemaliza kwa wiki mbili, na hao utawapanga makundi kwa walipokwama bila kuangalia namba ya dawati wala umri.

Hapo kwenye mstari wa tano usiuruke. Kiswahili chetu kinasomeka kama kilivyoandikwa, mtoto akishashika ba be bi bo bu anaweza kukusomea chochote hata katiba, ukadhani anasoma kumbe anatoa sauti. Nilikuwa na binti anasoma kama mtangazaji wa redio. Nikampa, "Asha alikwenda kisimani akakuta ndoo yake imetoboka." Akaisoma bila kukwama. Nikamuuliza, haya, unadhani Asha alirudi na maji? Kimya. Akaangalia juu, akaangalia karatasi, akaanza kuisoma tena tangu mwanzo kwa sauti kubwa zaidi. Mtoto wa hivi hajawahi kuambiwa kuwa yale maneno yanasema kitu. Mtaala wa la kwanza na la pili ulioanza 2015 ulikaza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na ilikuwa sawa kabisa, ila sisi walimu tukafika kwenye K ya kwanza tukabaki kwenye silabi tu, tukasahau kuwauliza umeelewa nini.

Hatua ya tatu: wasomee wewe, kila siku, dakika kumi

Hii ukiacha zote usiache hii. Mimi nilikuwa naifanya dakika kumi kabla ya mapumziko, na sababu ya kuiweka hapo utaiona.

Hadithi isome kwanza nyumbani, usiende kugundua maneno mbele ya watoto. Tafuta sehemu mbili za kubadili sauti na sehemu moja ya kukata. Ukiingia usiseme "fungueni vitabu". Sema kama bibi zetu walivyosema: hadithi hadithi! Nao waitikie, hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea! Mwenye asili ya pwani anaweza kuanza na paukwa, wakajibu pakawa, na ukijua ile ya "kaondokea Chanjagaa, kajenga nyumba kakaa" imwage yote, watoto wanapenda maneno yanayochezacheza hata kama hawajui Chanjagaa ni nani. Mimi mwenyewe sijui.

Sasa kukata. Siku moja nilikuwa nawasomea ile ya fisi na njia panda, mnaijua wote, fisi kasikia harufu ya nyama, kafika njia panda, harufu inatoka kulia, harufu inatoka kushoto. Nikasoma taratibuuu, "Fisi akaweka mguu mmoja njia ya kulia. Akaweka mguu mwingine njia ya kushoto. Akaanza kutembea..." Nikafunga kitabu. Kengele ikalia. Darasa zima, aaaah mwalimu! Nikawaambia kitabu kipo mezani, mimi naenda kunywa chai. Niliporudi nikakuta wamejazana pale kama kuna ajali, mmoja kashika kitabu, wawili wamemwegemea mabegani, wanagombana neno "msamba", mmoja anasema msamba ni mti, mwingine anamwonyesha kwa vitendo kapanua miguu mpaka kaanguka. Wote hao ni watoto niliokuwa nawalazimisha kusoma.

Wiki mara moja mpishe mtu mwingine asome. Mlinzi wa shule, mama lishe, baba wa mtoto fulani mwenye sauti nzito. Tulimwalika bibi mmoja, tukamwamkia wote kwa pamoja, akaitikia marahaba wajukuu zangu, akavaa miwani, akasoma polepole sana kidole kikifuata mstari. Akatuambia alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya 70, ile kampeni ya Mwalimu Nyerere, wenyewe wakiita ngumbaru, akiwa na mtoto mgongoni na daftari juu ya kinu. Watoto walikuwa wanamwangalia midomo wazi. Kesho yake wengi wakaanza kusoma na kidole, nikawaacha.

Hatua ya nne: vitendawili kwenye kamba

Unahitaji kamba, vibanio vya nguo, na maboksi uliyoyakata kadi kadi, ya biskuti au ya sabuni yanafaa. Funga kamba kutoka dirisha hadi dirisha, urefu ambao mtoto anafikia. Nusu ya kadi andika vitendawili, nusu andika majibu, changanya, bana kwenye kamba. Vya kuanzia hivi hapa: Nyumba yangu haina mlango (yai). Kuku wangu katagia miibani (nanasi). Kila niendapo ananifuata (kivuli). Kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni (barabara). Bibi hatui mzigo (konokono). Huku ng'o na huko ng'o (giza).

Kundi moja linasimama, mtoto anachomoa kadi, anasoma kwanza kimyakimya, anageuka: kitendawili! Darasa: tega! Anakisoma kwa sauti. Wenzake wanakimbia kwenye kamba kutafuta jibu, na hapo ndipo kusoma kwenyewe kulipo, maana ili uipate "konokono" lazima upitie "kivuli" na "kinu" na "kisima" zilizobanwa karibukaribu, na hizo uziweke makusudi ziwe zinafanana mwanzo, wasije wakakisia kwa herufi ya kwanza tu. Wakishindwa, mtegaji anadai mji, "nipeni mji!" Wanampa Bukoba, wanampa Mtwara. Mimi nikaongeza kidogo, mji hauhesabiki mpaka waliompa wauandike ubaoni bila kukosea. Wakishazoea miji rahisi kama Tanga na Dodoma, mtegaji anakataa, anataka Sumbawanga, anataka Namanyere, hapo wanakuna vichwa.

Baada ya wiki mbili waambie walete vitendawili vya nyumbani kwao, wa kwanza kukujia na kipya kadi yake inakaa katikati ya kamba. Utashangaa na roho yako. Kuna siku nililetewa kimoja sikukipatia jibu mpaka nikatoa mji mimi mwenyewe, darasa zima likaruka.

Kwa wale wa kundi la silabi ambao kadi nzima bado inawashinda, cheza nao visoda. Nenda kwenye duka la vinywaji omba visoda, wanavitupa tu, vijaze kwenye ndoo. Osha, andika silabi ndani kwa maka peni, pakia juu yake rangi ya kucha ile isiyo na rangi ili maandishi yasifutike kwa jasho la mikono (mie za kwanza zilifutika zote ndani ya siku mbili, mia mbili nzima, nikalia). Mtoto anachota kumi anajaribu kuunda maneno, lisilo na maana halihesabiki, na mwenzake ana haki ya kumuuliza "maana yake?" Weka nyingi zile za kusumbua: mbwa, nywa, ng'o, ngo, cho, nya. Ugomvi wa ng'ombe na ngoma utaumaliza hapo mezani kuliko kwa kuandika ubaoni mara kumi.

Hatua ya tano: tokeni nje mkasome mtaa

Hii inahitaji ruhusa ya mwalimu mkuu na mwalimu mwenzako mmoja wa kukusaidia barabarani, halafu wapange mistari ya kushikana mikono. Msiende mbali, dakika ishirini zinatosha. Kila wawili wana daftari moja na penseli moja, kazi yao ni kurudi na maandishi kumi waliyoyasoma wenyewe, na wawe wanajua maana yake.

Mtaa wetu umejaa maandishi kuliko maktaba. NYUMBA HII HAIUZWI. USIKOJOE HAPA. Dukani: leo kulipa kesho kukopa, na ile nyingine, mali bila daftari huisha bila habari. Kuna nyuma ya daladala, kuna nyuma ya bajaji, kuna mabango ya kanisa na matangazo ya madrasa, kuna bei za nyanya zimeandikwa kwenye boksi. Watoto waliganda kwenye NYUMBA HII HAIUZWI. Mmoja akauliza, sasa mwalimu kama haiuzwi kwa nini ameandika, mbona nyumbani kwetu haiuzwi na hatujaandika? Swali hilo tulirudi nalo darasani, tukaliongelea nusu saa, matapeli, viwanja, urithi, ndugu wanaogombana, kila mtoto ana la kusema maana kila mtaa una kisa chake. Hapo ndipo niliona wanaanza kuelewa kuwa maandishi yameandikwa na mtu na huyo mtu ana sababu zake.

Mkirudi, watengeneze mabango yao ya darasani. Kwangu walibandika mlangoni: "CHAKI HIZI HAZIUZWI."

Mvua ikinyesha, leta mtaa ndani. Pakiti tupu za chumvi, unga, majani ya chai, sabuni, mtoto anasoma imetengenezwa wapi, uzito gani, itaharibika lini. Kanga nazo ni kitabu tosha, waambie waazime kwa mama zao. Ila hapa niwaonye wenzangu, pitieni jina la kanga kabla ya kipindi! Mimi sikupitia. Binti katandaza kanga ya mama yake, kasimama, kasoma kwa sauti safi kabisa, "Hata ukinichukia la kweli nitakwambia", na muda huohuo mwalimu mkuu ndio anapita dirishani, na asubuhi yake tulikuwa tumetofautiana kwenye kikao kuhusu zamu. Mpaka leo sijui kama aliamini ilikuwa bahati mbaya.

Hatua ya sita: waigize, kitabu mkononi

Chukua hadithi yenye maongezi mengi, sungura na fisi hawana mpinzani. Iandike upya ikae kama mchezo: MSIMULIZI, SUNGURA, FISI, SIMBA. Hakuna kukariri, kila mtu anasoma kwenye karatasi yake. Darasa likiwa kubwa msimulizi wawe watoto kumi wanaosoma kwa pamoja, na wale wanaokwama waweke humo humo, sauti za wenzao zinawabeba na hakuna anayejua nani kakosea.

Kizuri chake ni kurudiarudia. Ukimwambia mtoto asome ukurasa huohuo mara tano atakuona mchawi, lakini ukimwambia tunafanya mazoezi Ijumaa tunaonyesha la kwanza, atausoma mara ishirini na nyumbani atausoma. Fisi kwangu alikuwa binti mdogo kuliko wote darasani, alikuwa anasoma huku anakoroma, wengine wakagoma kuendelea mpaka warudie kipande chake. Mavazi msiyahangaikie, mkia wa kamba unatosha.

Hatua ya saba: vitabu vyenyewe vitoke wapi

Kwanza kaangalie kabatini. Shule moja niliyowahi kufundisha vitabu vya hadithi vilikuwepo, vizuri, vimefungiwa kabati la ofisi na funguo mtu anaondoka nazo kwao, eti watoto watavichana. Ni kweli watavichana. Mie nakubali vichanike. Kitabu chenye alama za vidole vya mafuta ya maandazi kimesomwa hicho, gundi na selotepu zipo. Weka daftari la kuazima, mpe mtoto mmoja cheo cha mkutubi (wanavyokipigania cheo hicho!), na ukipoteza vitabu viwili kwa muhula usifunge huduma.

Pili, kama una simu yenye bando, kuna African Storybook, mkusanyiko wa hadithi za watoto za bure zimepangwa kwa ugumu, za Kiswahili zipo nyingi, leseni yake inaruhusu kupakua na kuchapa. Mimi nachagua mbili kwa mwezi, napeleka steshenari natoa kopi nyeusi na nyeupe, watoto wanapaka rangi wenyewe. Ila zisome kwanza, nyingine Kiswahili chake kimetafsiriwa kikavu, hapo kalamu inaruhusiwa, rekebisha. Maktaba za mikoa nazo tunazisahau. Andika barua uulizie utaratibu wa kupeleka darasa, hata ziara moja kwa mwaka mtoto hataisahau.

Tatu, na hapa ndio napapenda, vitabu tutengeneze. Chukua karatasi mbili za A4, zipange moja juu ya nyingine, kunja katikati, una kurasa nane. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa msumari, pitisha uzi na sindano, kaza fundo upande wa ndani. Gamba kata kwenye boksi la viatu. Ukurasa wa kwanza jina la kitabu na jina la mwandishi, wa mwisho picha ya mwandishi aliyojichora mwenyewe. Usiwape kichwa cha habari kama "Faida za elimu", watakuandikia insha ya kujibu mtihani. Wape kitu kama "Siku niliyopotea sokoni", "Kuku wetu mkorofi", "Kitu nilichovunja nikasema paka". Hiki cha mwisho nilipata vitabu arobaini, na nusu ya wazazi wakaja kugundua ukweli wa vyombo vyao siku ya maonyesho. Maonyesho tuliyaweka tarehe 8 Septemba, Siku ya Kusoma na Kuandika Duniani, vitabu vimening'inia kwenye kamba ileile ya vitendawili, na kila mzazi aliyeingia ilibidi asomewe kitabu kimoja na mwandishi mwenyewe ndio atoke.

Usisahihishe vitabu hivyo kwa kalamu nyekundu, nakuomba. Makosa yaandike pembeni kwenye daftari lako uyafundishe Jumatatu bila kutaja mtu.

Mtu ataniuliza muda unatoka wapi na silabasi haijaisha. Sifanyi yote kila siku, nani anaweza? Kusomewa ni kila siku, hiyo haina mjadala. Vitendawili na visoda Jumanne na Alhamisi, maigizo Ijumaa, kutoka nje mara moja kwa mwezi, vitabu vya kutengeneza mara mbili kwa muhula. Ukianza na vitatu kati ya hivi umeanza. Na pipi usigawe kama zawadi, ukigawa siku zikiisha na kusoma kunaisha.

Hatua ya nane: sanduku la barua

Nimeliacha mwisho makusudi, maana lilichelewa kuniingia akilini na ndilo lililofanya kazi kwa wale sugu.

Chukua boksi la karatasi za A4, funika vizuri, pasua mdomo juu, andika POSTA YA LA TATU. Karatasi za barua ni vipande vya daftari lililoisha. Sheria ni tatu, barua lazima iwe na jina la anayeandika na anayeandikiwa, hakuna matusi wala kumsema mtu, na barua ya mtu hasomi mwingine bila ruhusa. Kila asubuhi mtoto mmoja wa zamu anakuwa posta, anafungua, anasoma majina, anagawa. Mwalimu kazi yako ni kuandika barua tano kila siku, fupi, maneno ya kiwango cha mtoto mwenyewe, ndani ya mwezi umewazungukia wote. Usiandike "jitahidi katika masomo". Andika kitu ulichokiona kwake yeye tu. "Jana ulimsaidia mdogo wako kubeba ndoo. Nilikuona." Ndio hivyo, sentensi mbili.

Wiki za mwanzo wataandikiana vitu vya ajabu, "mambo", "poa", "nipe kifutio changu". Waache. Kifutio kikirudi wameelewa posta ni nini. Kuna wanaoandika barua moja kwa watu kumi, kuna wasioandikiwa na yeyote, hao wasioandikiwa ndio uwaanze wewe.

Sasa Babu. Babu alikuwa kundi la maneno, sentensi bado zinampiga chenga, hataki kuigiza, kwenye vitendawili anasimama nyuma. Msimu wa maembe ulikuwa umeanza, na yeye anakuja na mfuko wa rambo umejaa maembe anakula mapumziko peke yake nyuma ya tangi la maji. Nikamwandikia: "Babu. Nimeona embe zako. Naomba moja. Mwalimu wako." Posta akamwita jina, akaenda akaichukua kama anachukua kitu cha moto. Hakukaa na wenzake, alienda kona ya mlango akawapa mgongo. Nilikuwa najifanya naandika ubaoni lakini jicho liko huko. Midomo inacheza. Akarudi mwanzo. Akarudi tena. Mara ya tatu akageuka akaniangalia, akaikunja ile karatasi ndogo kabisa akaiweka kwenye soksi.

Mapumziko nikakuta embe mezani kwangu.

Nikamwandikia tena, ndefu kidogo, nikamuuliza mwembe uko kwao au kwa jirani. Siku mbili kimya. Siku ya tatu kwenye boksi kuna karatasi imekunjwa mara nane, herufi kubwa zimepanda mlima zimeshuka, r na l zimebadilishana kama zinavyobadilishana kwa nusu ya darasa: "Mwarimu embe ni za bibi. Zimeisa. Kesho nitareta mapela."

Kesho yake aliyaleta, manne, moja limeng'atwa.